Leso Kati ya Maro na Mkwe

Juzi walikuja kwangu vijana watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, wakiwa na kompyuta ya mapajani na tabasamu la watu wanaotaka kitu cha bure. Niliwapa chai na nduma, wakala vizuri, kisha msichana mwenye miwani akasema shida yao.

"Dani, tunatengeneza app ya Kijaluo," akaanza. Dani ni nyanya, na mimi hilo jina silikatai. "Ni ya watu wamezaliwa Nairobi, ama wametumwa huku kazi na hawajui lugha. Tupatie tu maneno zile za kawaida na meaning. Neno, meaning. Neno, meaning. Kitu short."

Nikamwambia sitoi.

Alidhani nataka malipo. Akaanza kueleza kwamba mradi haujapata mfadhili. Nikamwambia anywe chai yake, sikuwa nataka chochote, lakini maneno mawili mawili kama soksi sitatoa. Nimefanya kazi ya ukalimani wa mikutano ya hadhara tangu nikiwa msichana mwembamba hadi magoti yaliponikataza kupanda jukwaani. Nimetafsiri chanjo, vyandarua, vyoo, kipindupindu, uvuvi haramu na kila aina ya mgeni rasmi, kuanzia Sindo kule ziwani hadi Ntimaru mpakani. Najua neno likitolewa mahali pake linavyokufa mdomoni. Wakitaka, nikawaambia, nitawaandikia kwa mkono wangu, kwa urefu ninaotaka mimi. Basi hii hapa. Na nyinyi wengine mnaosoma, mliotumwa huku kazi na mnatafuta njia ya mkato, someni pia.

Nianze na "mos", kwa sababu ndilo mtakalolisikia kabla hamjashusha begi. Kuna mwalimu mmoja kutoka Machakos aliyeletwa Sindo, akakaa wiki nzima akiwa na hofu. Akijikwaa, watu wanamwambia mos. Akibeba maji, mos. Akipita tu njiani jioni, mama asiyemjua anamwambia mos. Akanijia akaniuliza, "Hawa watu wamenifanyia nini kibaya, mbona wananiomba msamaha kila saa?" Kitabu chake kilikuwa kimemwambia kwamba mos ni kuomba radhi. Nikamwambia asahau kitabu. Mos ni pole yenu, ile ya mtu anayebeba mzigo, na ni polepole pia, na ukiondoka utaambiwa umpe mama yako mos, yaani umsalimie. Anayekuambia mos anasema amekuona, na ameona kwamba kuishi ni kazi. Mwalimu alicheka, akaanza kuwaambia mos hadi mbuzi.

"Yawa" halina tafsiri na msiniulize. Ni sauti ya kuwaita watu wa kwenu waje waone kilichokupata. Samaki mbuta ameponyoka kwenye ndoana: yawa. Mtoto amepasi mtihani: yawa. Bei ya unga: yawa, yawa. Nilipokuwa jukwaani na mgeni akasema jambo zito sana, sikukimbilia kutafsiri. Nilisema kwanza yawa, nikanyamaza kidogo, watu wakasogea mbele. Hiyo ni mbinu ya kazi na nawapa bure.

Halafu kuna "nyadhi". Watu wa nje huambiwa ni maringo, wakadhani ni tabia mbaya. Nimemwona mvuvi wa pale Sindo, kaptula imetoboka nyuma, anapanda kutoka ufuoni na samaki mmoja tu mkononi, lakini anavyotembea ungedhani ziwa lote ni shamba la baba yake. Hiyo ndiyo nyadhi. Wakati mmoja afisa alitaka niwaambie vijana wa bodaboda "mjitokeze kupimwa bila uoga". Nikaona hilo litawafanya wainamishe vichwa. Nikasema kwa Kijaluo waende kupimwa kwa nyadhi. Walikwenda kwa msururu, pikipiki zikipiga honi, mmoja amevaa miwani ya jua na mvua ilikuwa inanyesha.

Kazi hii sikufundishwa darasani. Aliyenifundisha ni Mzee Chacha, Mkuria wa Ntimaru, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani. Tulikutana kwenye mkutano wa vyandarua. Mgeni alikuwa anasema Kiingereza, mimi nakitia Kiswahili, Chacha anakitoa kwenye Kiswahili kukipeleka Kikuria. Kabla hatujaanza, Chacha aliteremka akaanza kuzunguka kati ya watu, anasalimia huyu, anauliza habari za ng'ombe wa yule. Mgeni alikuwa anaangalia saa. Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba ya Chacha. Mwisho akahamisha benchi moja, akamhamisha na msichana aliyekuwa amekaa juu yake, akarudi jukwaani.

"Sasa anza," akasema.

"Ulikuwa unafanya nini, mzee?"

"Yule msichana amekaa mbele ya baba mkwe. Hangesikia kitu. Angekuwa anafikiria tu vile atatoka hapo."

Ndipo nikajua kwamba mkalimani hutazama watu kabla hajafungua mdomo. Nani ameketi karibu na nani, nani ameoa kwa nani, nani amemgeuzia nani mgongo. Chacha aliniambia nisimame nyuma ya msemaji kidogo, nisimwache apite sentensi mbili, na nisiwahi kuwaambia watu wainue mikono kuonyesha wagonjwa. Hilo la mwisho nilikuwa nimelifanya Sindo kwa sababu mgeni alisema niseme. Watu wote walikaa juu ya mikono yao, na mzee mmoja akaondoka na kiti chake.

Kuhusu maneno ya mwili, Chacha alisema kila kiungo kina majina matatu: la daktari, la mama anayemwosha mtoto, na la mlevi anayetukana. "Chukua la mama," akasema. "Kama hulijui, nenda ukae kwenye posho mill usikize." Nimekaa na akina mama wanaosubiri kusagiwa unga kwenye posho mill nyingi, jamani. Nimerudi nyumbani mweupe kama mzimu.

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira, maana mmeshaiona. Mimi ni mzaliwa wa Kisegi, na kwetu ni Wasuba. Nyanya yangu alikuwa akisali kwa lugha ambayo mimi nilikuwa naisikia kama mlio wa nyuki, najua kuna kitu mle ndani lakini siwezi kukifikia. Ilikuwa lugha yetu. Hakuna aliyetupiga ili tuiache. Tulioana na Wajaluo, tukauziana samaki nao, tukapenda nyimbo zao, na siku moja tukageuka tukakuta ni wazee tu wanaoijua. Nyanya alipofariki, mchungaji aliuliza nani anajua ile sala yake ili isomwe kaburini. Tulikuwa wajukuu wengi sana pale, na tulitazama viatu vyetu. Kwa hiyo mtu akija na kuniambia kwa upole kwamba Kijaluo nacho kitakufa tu, hata tufanye nini, mimi simjibu kwa upole. Nimeshawahi kuzika lugha moja na sitakaa kimya wakati nyingine inakatwa vipande vya kuingia kwenye simu.

Nirudi kwenye kazi. Neno "chira" mmelisikia. Vitabu husema ni laana, na wengine husema ni imani potovu, wakageuza ukurasa. Chira ni ugonjwa unaompata mtu aliyevunja mwiko, au ambaye wa nyumbani mwake ameuvunja. Anakonda, anaisha, na kila mtu anamtazama akijiuliza alifanya nini. Hilo la mwisho ndilo linaloua haraka. Mwenye chira hawezi kusema anaumwa, kwa sababu akisema anaumwa amesema ana hatia.

Nilikuwa na rafiki Kisegi, Min Awuor, yaani mama yake Awuor. Tulikua pamoja. Alikuwa mwanikaji wa omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika, anayeweza kugombana na mnunuzi upande huu huku anamsalimia mwingine upande ule. Mwaka ule nikaona amenyamaza. Nikamkuta ameketi kando ya nyavu zake akinusa nguo yake kwa siri, kama anayeogopa kwamba wengine wananusa pia. Nilimbana mpaka akasema. Alikuwa anatokwa damu, na alishamaliza mambo ya mwezi zamani. Mumewe alikuwa amekufa, na kuna mambo ya mila ambayo Min Awuor alikataa kufanyiwa baada ya mazishi. Alikataa kwa kelele, mbele ya watu. Sasa wanasema, ama yeye alidhani wanasema, kwamba chira imekuja kuchukua chake.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Wakinong'ona huko ndani, nitajua ni chira."

"Nani atanong'ona?"

"Nyinyi wote mnanong'ona, Nyar Kisegi. Hata wewe. Ugonjwa wa chini, ugonjwa wa akina mama, ile kitu. Kama ni ugonjwa kweli, mbona hauna jina? Malaria inatajwa sokoni. Siku nitasikia hii yangu imetajwa sokoni na watu hawajaanguka, nitaenda."

Nyar Kisegi ni mimi, binti wa Kisegi. Mwanamke akiolewa mbali, huitwa kwa mahali alikotoka, na mimi niliolewa Migori; jina likanifuata hata nyumbani. Alikuwa amesema kweli kuhusu sisi wakalimani. Tulikuwa tumezoea kulizunguka jambo hilo kwa maneno laini.

Sasa ndiyo tunafika kwenye "maro". Siku ile ya chai, simu ya yule mvulana ilisema: maro, mama mkwe. Nikamuuliza kama simu yake imewahi kuwa na mkwe.

Binti yangu alimpata mume anayeitwa Mutwiri, daktari, mtu wa Meru, mpole, mrefu, anayecheka kabla hajasikia utani umeishia wapi. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza aliruka kutoka kwenye gari, akafungua mikono yake yote miwili, akaja kwangu mbio. "Mum!" anasema. Alitaka kunikumbatia. Mimi nilikimbia. Nawaambia ukweli, nilikimbia na umri wangu ule, nikazunguka tangi la maji, naye akanifuata akidhani ni mchezo wa kukaribisha wageni kwa Wajaluo. Majirani walikuwa wamesimama ukingoni mwa ua wakishika midomo. Tulizunguka tangi lile mpaka binti yangu akamkamata kwa shati.

Maro na mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Maro haingii anakolala mkwe, na mkwe akimwona maro njiani hukata kona. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa wakiwa wanasikilizana. Mutwiri aliuliza kwa huzuni kama nimemchukia. Nikamtumia jibu kupitia kwa binti yangu: namheshimu kuliko mtu yeyote duniani, na ndiyo maana akae mbali. Nimemzaa mke wake. Yeye analala na mtoto niliyemnyonyesha. Mimi najua, yeye anajua, na ile hatua tunayoachiana ndiyo namna yetu ya kusema kwamba tunajua. Wenzetu wengine wana zawadi na kadi. Sisi tuna kona ya kukata. Anayeita hilo ushamba na aite, lakini asije kutafuta kikombe cha chai kwangu.

Mutwiri alijifunza kukata kona. Alikata kona hata mahali pasipo na kona, anaingia kwenye mahindi ya watu.

Basi ikaja siku ya Kisegi. Ilikuwa kampeni ya kupima saratani ya mlango wa kizazi, siku ya soko, hema nyeupe pembeni, jukwaa la mbao juu ya kreti za soda. Daktari wa kike aliyepangwa kusema hakufika. Gari lake liliharibika njiani, wakampigia aliye karibu. Nilikuwa tayari nimesimama na kipaza sauti mkononi, nimeshazunguka watu kama Chacha alivyonifunza, nimeshamwona Min Awuor mstari wa mbele, amejifunga leso yake ya njano kiunoni. Gari likasimama. Akashuka Mutwiri.

Soko lote lilimjua. Ng'ombe za mahari, fungu la wajomba wa binti yangu, zilikuwa zimepita njia hiyo hiyo. Nikasikia watu wakivuta pumzi.

Mutwiri aliponiona alitafuta kona. Hakukuwa na kona, kulikuwa na mbao na kreti. Akasimama chini akishika kofia yake.

Mzee mmoja wa ukoo, ndugu wa marehemu mume wangu aliyekuja sokoni siku hiyo, akainuka. "Nyar Kisegi, teremka. Hiyo ni kwer." Kwer ni mwiko, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Afisa wa kaunti, mama mmoja aliyevaa fulana ya kampeni, akanishika mkono. "Madam, kuna shida gani? Aanze tu kwa Kiswahili, watu wataelewa."

Wangeelewa nini? Kiswahili hapa kwetu ni lugha ya askari na ya kondakta na ya bei. Mama wa Kisegi akisikia "mlango wa kizazi" anasikia mlango, basi. Vijana wanaojua lugha zote walikuwepo, wenye bodaboda, lakini kijana gani atasimama kutaja mwili wa mama yake mbele ya mama yake? Nilimtazama Min Awuor. Alikuwa ananitazama pia, na uso wake ulikuwa umeshajua nitakachofanya. Nitateremka, watanong'ona, ataenda nyumbani akafe. Niliona ameanza kukusanya vitu vyake.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Min Awuor, nipe leso yako."

"Ya nini?"

"Nipe. Na upande hapa juu uishike ncha hii. Na wewe mama muuza nyanya, shika ile."

Walipanda. Leso ikatanda katikati ya jukwaa, mimi upande wa ziwa, nafasi ya daktari upande wa soko. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu walioelewa. Wauza nguo waliacha nguo. Hata waliokuwa kwenye kinyozi walikuja na povu shingoni.

"Mkwe wangu," nikasema kwa Kiswahili nikiwa nyuma ya leso, "panda. Sikuoni."

Akapanda. Mbao zikalia.

Yule afisa alikuja upande wangu akiwa amekunja uso. "Madam, toa hiyo leso. Mpiga picha ako hapa. Itaonekana vibaya sana, kama watu hatujaelimika."

"Picha ni yako," nikamwambia. "Mkwe ni wangu. Leso inabaki."

"Nitalazimika kusimamisha mkutano."

"Simamisha. Waambie wewe mwenyewe hawa kina mama warudi nyumbani. Shika, kipaza sauti hiki hapa."

Hakukishika. Na yule mzee bado alikuwa amesimama, ameinua fimbo, kwa sababu leso ilikuwa imeficha uso wangu lakini isingeficha sauti. Nikamwita kwa jina lake la sifa, nikamwambia kwa heshima zote kwamba kama kuna kinachonisubiri kwa haya nitakayosema, na kinijie mimi, nyumbani kwangu, si mwingine yeyote. Nikamwambia aketi. Hakuketi, ila fimbo aliiteremsha.

Tukaanza. Mutwiri anasema Kiswahili chake safi cha darasani, mimi nasema Kijaluo cha posho mill. Alitaja kiungo, nikakitaja, kwa neno la mama. Mara ya kwanza soko lilinyamaza kabisa hata nikasikia omena ikigeuzwa kwenye nyavu. Mara ya pili mama mmoja alisema yawa. Mara ya tatu walikuwa wananisikiliza kama wanaosikiliza habari ya malaria. Nilikuwa nataka ardhi inimeze, na nilikuwa naendelea.

Halafu Mutwiri akafika kwenye dalili. Akasema, "Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa damu..." Nikatafsiri. Akasema, "Au mwanamke akitokwa damu baada ya kukutana na..." Akanyamaza. Mtoto wa watu alikuwa ameelewa ni nani anayepaswa kulisema hilo baada yake.

Nikamaliza mwenyewe. Nililisema lote, wazi, bila kulizungusha, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei. Kisha nikaongeza langu, ambalo daktari hakulisema: "Ma ok en chira. Ma en tuo." Hii si chira. Huu ni ugonjwa. Una jina, nikalitaja jina, na una dawa ukiwahiwa.

Hapo leso ikaanguka upande mmoja.

Min Awuor alikuwa ameachilia ncha yake. Aliteremka kutoka kwenye kreti bila kutazama mtu, akapita katikati ya wanawake na wanaume na yule mzee mwenye fimbo, mabega yake mapana yamenyooka, akaelekea kwenye hema. Aliingia wa kwanza. Alikwenda kwa nyadhi, nawaambia, na mapazia ya hema yakafunga nyuma yake.

Na mimi nikabaki uso kwa uso na mkwe wangu, mbele ya soko zima la Kisegi, maneno yale yakiwa bado hewani kati yetu. Hakuna aliyecheka. Nilitaka kukimbia, na safari hii tangi la maji halikuwepo. Mutwiri alinitazama labda kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akageuka, bila kuambiwa na mtu, akanipa mgongo, akawapa mgongo na watu wake wote aliokuja kuwahutubia, akatazama mlima, akaendelea kusema dalili zilizobaki. Daktari anahutubia mlima. Yule mpiga picha hakujua aelekeze kamera wapi.

Siku hiyo ndiyo Mutwiri alijua maana ya maro, na hakuna aliyemtafsiria.

Mama mwingine alipanda akashika ile ncha. Alipoenda kwenye hema yeye, akapanda mwingine. Leso ile ilishikwa na mikono mingi mpaka jua likapinda, na foleni ya hema ikafika kwenye wauza mboga. Yule afisa, nisimseme vibaya, mwishoni alikuja akaishika ncha yeye mwenyewe kwa dakika chache ili yule muuza nyanya akapimwe. Aliishika vizuri, kitambaa hakikuteleza.

Min Awuor alikuwa na saratani kweli, imeanza lakini haijatembea. Alisafiri, akatibiwa, akapoteza uzito na nywele, akarudi. Wazee hawakunifukuza. Waliniita, wakaniuliza maswali marefu, wakasema tatizo lingekuwa kubwa kama leso isingekuwepo. Nikawaambia asante, na kwamba nikiitwa tena nitafanya tena. Waliguna. Nimeitwa tena mara nyingi, na leso huwa natembea nayo.

Sasa nyinyi vijana wa app. Mnataka mstari mmoja wa maro. Nendeni Kisegi, mkifika sokoni ulizeni mwanamke anayegombana na wanunuzi wawili kwa mpigo. Ndiye yeye, nywele zimeota, mdomo umerudi. Mwulizeni kwa nini aliachilia leso siku ile. Mimi nimemwuliza miaka yote hii na jibu ni moja.

"Mkono ulichoka tu," anasema. "Wewe ulikuwa unaongea sana. Na leso yangu utarudisha lini?"

Sirudishi. Andikeni na hilo.